Kupanda kilima cha Great Zimbabwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasafiri wa Lubumbashi

Ninafundisha historia hapa Lubumbashi, na nimekwenda Great Zimbabwe mara tatu nikiwa na vikundi vya walimu, wazazi na vijana wa parokia. Kila tukirudi simu haikai kimya. Mama wa Katuba anataka kujua kama goti lake litavumilia. Kijana wa Ruashi anauliza habari za picha. Shofere anayepita mpakani Kasumbalesa kila wiki anauliza kama inafaa kuacha njia ya kazi kwa siku moja. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi-rudi. Mengine nimeyajibu kwa maneno machache kwa kuwa hayahitaji zaidi, na mengine nimekaa nayo kwa sababu yananigusa.

Ni mahali gani hasa, na tunapanda kwenda kuona nini?

Ni mji wa kale wa mawe ulioko kusini mwa Zimbabwe, karibu kilomita 30 kutoka mji wa Masvingo. Ulijengwa na kukaliwa kati ya karne ya 11 na ya 15 na mababu wa Washona, na tangu 1986 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Una sehemu tatu: kilima chenye kuta na nyua zilizobanwa kati ya majabali, Boma Kuu lililo bondeni, na magofu madogo yaliyotawanyika kati ya hivyo viwili. Jina lenyewe linaeleweka kwa sikio la Mswahili: dzimba dza mabwe, nyumba za mawe.

Wengi hudhani tunapanda kwa ajili ya mandhari tu. Mandhari ipo, lakini faida kubwa ya kilele ni kwamba pale ndipo mji unapoanza kueleweka. Ukiwa ndani ya Boma Kuu unaona ukuta mbele, ukuta nyuma, na mbingu juu. Ule ukuta wa nje una mzunguko wa mita 250 hivi, na mahali pengine unafika mita 11 kwenda juu, kwa hiyo ukisimama chini yake unajiona mdogo na hupati umbo lake. Ukiwa kilimani, boma lote linakaa chini yako kama ungo uliowekwa majanini, na unaona jinsi magofu ya bondeni yanavyolizunguka. Aliyeishi juu alikuwa anawaona wote wa chini. Hilo hulipati kwa kusoma, unalipata kwa kusimama pale.

Kilima ni kirefu? Kitanichosha?

Kutoka bondeni hadi juu ni kama mita 80. Mtu wa Bukavu, aliyezoea kupanda na kushuka tangu utoto, hataona shida. Sisi wa Lubumbashi mji wetu ni tambarare. Mlima tunaoujua ni terili ya Gécamines, lundo la masalia ya kiwanda cha shaba, nao tunautazama kwa mbali. Mapafu hayana tatizo, kwa kuwa hewa ya kule ni kama ya kwetu: Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na Great Zimbabwe karibu 1,100. Kinacholegea ni mapaja na magoti.

Dawa yake ni mazoezi ya nyumbani. Wiki tatu kabla ya safari tafuteni jengo lenye ghorofa, shule au ofisi ya rafiki, mpande na kushuka ngazi robo saa kila jioni. Hapo kushuka ndiko kwenye faida zaidi, kwa sababu goti huumia wakati wa kushuka. Waliofanya hivi katika safari yangu ya tatu walifika juu wanazungumza. Wasiofanya walifika juu wakiwa kimya.

Kwa muda: kijana mwenye nguvu hutumia dakika 20. Kundi lenye watu wa umri mchanganyiko, linalosimama kupumzika na kusikiliza maelezo, litumie dakika 45 bila kuona haya.

Nipande kwa njia ipi?

Hili ndilo swali ambalo watu wangeuliza kwanza kama wangejua umuhimu wake.

Kuna njia ya kale na kuna njia ya kisasa. Ya kale ni ile waliyoipita wenyeji wenyewe. Inapanda moja kwa moja, ngazi zake ni mawe yaliyopangwa kati ya majabali, na kuna mahali ukuta na mwamba vinakaribiana mpaka bega la kulia na la kushoto vyote vinagusa jiwe. Watu wawili hawapiti sambamba. Ukifika hapo simama kidogo ufikiri: mgeni aliyekwenda kumwona mkubwa wa kilimani alilazimika kupita hapa peke yake, taratibu, akionekana na walio juu. Njia yenyewe ilikuwa inamwambia anakwenda kwa nani.

Njia ya kisasa ina mteremko mpole, inazunguka, ni ndefu zaidi na ina nafasi ya kusimama bila kuzuia wengine. Iko pia ya tatu, ya upande unaoitwa Watergate, ambayo ni ndefu na yenye vichaka. Walinzi wa mlangoni watakuambia kama siku hiyo inapitika vizuri.

Ushauri wangu ni huu: pandeni kwa njia ya kale, shukeni kwa ya kisasa. Safari yangu ya kwanza nilifanya kinyume. Tulikuwa tumechelewa, nikaona njia ya kale ni fupi, nikawashusha watu huko. Mwalimu mwenzetu mmoja aliteleza penye lile korongo jembamba kati ya ukuta na mwamba, akajikinga kwa kiganja, kikachanika vibaya kwenye ncha ya jiwe. Tena tulikutana na wanafunzi wa shule wanapanda, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kurudi. Uamuzi ule ulikuwa wangu na haukuwa mzuri. Kwenye ngazi zilizosimama namna ile mwili unapopanda unaegemea mwamba, unaposhuka unaegemea hewa.

Mwenye goti baya apande na kushuka kwa njia ya kisasa, wala asijione amekosa kitu. Atafika pale pale tulipofika sisi.

Kundi letu lina wazee na vijana. Tutembeeje?

Mwenye mwendo wa polepole kuliko wote aende mbele, akifuatana na mwongozaji. Vijana wakae nyuma. Mkifanya kinyume, vijana watapaa, watafika kwenye jabali la kwanza, watapumzika wakisubiri, na mzee akiwafikia tu wataondoka tena. Kwa hiyo anayehitaji kupumzika ndiye hatapumzika hata mara moja. Nimeliona hili likitokea, na mama yule hakulalamika, lakini siku iliyofuata hakutoka kitandani.

Nina presha, au nina pumu. Nipande?

Mwulize daktari wako kabla ya kukata tiketi. Akikubali, chukua dawa zako mkononi, si kwenye sanduku lililobaki hotelini. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, kaa chini hapo hapo kwenye kivuli na umwambie mtu. Bondeni kuna mambo ya kutosha kwa siku nzima. Boma Kuu pekee linatosha kuwa sababu ya safari, na kulifikia ni kutembea tu kwenye ardhi isiyo na mlima.

Saa ngapi ni nzuri?

Asubuhi, mara mlango unapofunguliwa. Kuna ubaridi, mawe hayajashika joto, na vikundi vya shule havijafika. Mchana jua linapiga mwamba mweupe na mwamba unalirudisha usoni, joto linatoka juu na chini pamoja. Nafasi ya pili ni alasiri, lakini wekeni saa ya kushuka kabla ya kupanda. Giza likiwakuta kwenye ngazi zile ni hatari, na hakuna taa njiani.

Na msimu?

Kuanzia Mei hadi Septemba. Hali ya hewa ni ndugu ya ile yetu ya Katanga: kiangazi kikavu, Juni na Julai asubuhi zenye baridi kali, Oktoba joto la kuchosha, halafu mvua kuanzia Novemba hadi Machi. Tofauti moja ya kujua ni kwamba eneo la Masvingo hupata manyunyu na ukungu hata katikati ya kiangazi, wenyeji wanaita guti. Ukiamka ukakuta guti, usiondoke kwa hasira. Ngoja. Mara nyingi huinuka kabla ya adhuhuri, na kuta zikitoka ndani ya ukungu polepole ni jambo ambalo sijaliona mahali pengine.

Mwishoni mwa majira ya baridi mishubiri mirefu inayoota kati ya magofu hutoa maua mekundu. Mwenye kupenda rangi achague wakati huo.

Mvua ikianza tukiwa juu je?

Shukeni kwa njia ya kisasa, pole pole, bila kukimbia. Itale, lile jiwe gumu la kilima, ikilowa inateleza kama sabuni, hasa palipo na kuvu la kijani. Kama kuna radi, ondokeni kwenye sehemu zilizo wazi juu ya majabali na msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Nivae nini?

Viatu vya kufunga kamba vyenye soli ya mpira iliyochongwa. Kama unavyo viatu vya mpira wa miguu vya uwanjani vyenye meno magumu, acha, vinateleza kwenye jiwe. Kandambili na viatu vya kanisani, hapana kabisa. Akina mama wanaotaka kuvaa kitenge wavae suruali ndani yake, ili kitenge kiweze kukunjwa mahali pa kuinua mguu juu. Kofia. Sweta kwa asubuhi za Juni na Julai, na begi la mgongoni la kuweka hiyo sweta jua likipanda. Mikono yote miwili ibaki huru: mkoba wa mkononi utakusumbua penye korongo.

Maji na chakula?

Lita moja na nusu kwa mtu, na mnywe kabla hamjasikia kiu. Karanga, ndizi na mkate vinatosha juu. Chakula kizito kikae cha baadaye: kule watakupa sadza, ambayo ni bukari yetu, yaani ugali, na nshima ya Wazambia, kwa hiyo hakuna atakayehangaika tumbo. Taka zote mnashuka nazo, hata maganda.

Kuna nyani?

Wapo tumbili na nyani. Hawashambulii mtu aliyetulia, lakini wanajua vizuri sauti ya mfuko wa plastiki. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa, mtoto asishike ndizi mkononi, na msiwarushie chochote. Pia msiingize mikono katika nyufa za mawe. Nyoka nao wanapenda jiwe lenye joto.

Watoto wanaweza kupanda?

Kuanzia miaka saba hivi wanapanda vizuri kuliko sisi. Tatizo ni huko juu. Kuna kingo zisizo na uzio, na upande mmoja mwamba unakatika ghafla. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kabla ya kuanza safari, maana wakisema "sote tutawaangalia" hakuna anayeangalia. Wa kubebwa afungwe mgongoni kwa kitenge kama kawaida yetu, lakini mbebaji atumie njia ya kisasa, kwa kuwa kwenye njia ya kale kichwa cha mtoto kinaweza kugusa jabali.

Ninaogopa mahali pa juu.

Mwambie mwongozaji mapema. Katika njia ya kale kuta zenyewe zinakukinga, hutaona bonde mpaka mwisho. Ukifika kileleni kaa ndani ya ua wa magharibi, ule mkubwa, ambao una kuta pande zake na nafasi pana katikati. Huko ndiko walikokaa watu, na kuna mengi ya kuona bila kusogelea ukingo.

Naweza kusimama juu ya ukuta nipige picha?

Usifanye hivyo. Nalijibu swali hili kwa urefu kwa sababu kila safari kuna mtu aliyeanza kupanda kabla sijamaliza sentensi.

Kuta zile hazina saruji, hazina chokaa, hazina udongo wa kuunganisha. Ni mawe ya itale yaliyochaguliwa, kugongwa na kulazwa moja juu ya jingine, tabaka kwa tabaka, yakishikana kwa uzito wake. Itale ya nchi ile inabanduka yenyewe katika mabamba, jua likiipasha na usiku ukiipoza, na mafundi walijua kuharakisha kazi hiyo kwa moto na maji. Kisha wakayakata mabamba kuwa vipande vya kushikika mkononi. Ukuta wa namna hiyo unavumilia karne nyingi za upepo na mvua, lakini hauvumilii kilo 70 zinazoruka juu ya tabaka la mwisho. Jiwe moja likisogea, la jirani linapoteza mgongo wake, na baada ya msimu mmoja wa mvua tumbo la ukuta linatoka nje. Mafundi wa idara ya makumbusho hulazimika kuweka alama kila jiwe ili kurudisha ukuta kama ulivyokuwa, kazi ya miezi.

Kwa hiyo hata kuegemea, hapana. Penye ngazi shika mwamba wa asili, usishike ukuta. Kutofautisha ni rahisi: mwamba ni mmoja, ukuta una mistari.

Kwa picha, simama kwenye jabali lililo wazi linaloelekea kusini, ambako Boma Kuu liko chini. Katika miezi ya Juni na Julai jua hukaa upande wa kaskazini mchana kutwa, yaani mgongoni mwako, na boma linapata mwanga mzuri. Upigapo picha usirudi nyuma huku unatazama simu. Mwambie mwenzako akushike begani.

Mwongozaji ni lazima?

Si lazima, ila mimi siwezi kumpeleka mtu bila yeye. Huko juu kuna vijia vingi vinavyoishia kwenye mwamba, na bila maelezo utaona mawe tu. Mwongozaji atawaonyesha ua wa mashariki, pango ambalo wanasimulia kwamba sauti inayotoka ndani yake husikika mpaka Boma Kuu, na mahali sakafu za udongo za nyumba bado zinaonekana.

Shida yetu ni lugha. Kifaransa hakitawasaidia, na Kiswahili pia hapana. Awepo mmoja anayejua Kiingereza, asimame karibu na mwongozaji na kutafsiri kwa vipande vifupi. Jifunzeni pia maneno machache ya Kishona. Mangwanani ni salamu ya asubuhi, ndatenda ni asante. Mkisikiliza vizuri mtakuta ndugu zenu humo: munhu ni mtu, mabwe ni mawe, mvura ni maji. Mzee wetu mmoja wa Kamalondo, anayejua Kibemba na Kiluba, alikaa na mlinzi wa mlangoni nusu saa wakilinganisha majina ya viungo vya mwili, kila mmoja akishangaa. Tulimwacha. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa safari.

Nianze na kilima au na Boma Kuu?

Kilima kwanza, mkiwa na nguvu na kabla ya joto. Halafu bondeni, ndani ya Boma Kuu, mpite kwenye ule ujia mwembamba kati ya kuta mbili mpaka kwenye mnara wa umbo la pia, ambao una urefu wa mita 9 hivi na ndani yake hauna chumba, ni mawe matupu. Mkiwa pale inueni macho mtafute lile jabali mlilosimama asubuhi.

Ni kweli palijengwa na Waafrika? Nimesikia habari za Malkia wa Sheba.

Ni kweli. Habari za Sheba zilienezwa sana na Mjerumani Karl Mauch, aliyefika 1871 na kudai kwamba kazi kama ile haiwezi kuwa ya watu weusi. Baada yake wakoloni walishika wazo hilo kwa sababu liliwafaa: kama wenyeji hawakujenga kitu, basi nchi haina mwenyewe. R. N. Hall, aliyewekwa kulinda magofu kati ya 1902 na 1904, alichimbua na kutupa tabaka za udongo zilizobeba vitu vya wakazi, akiamini anaondoa uchafu wa Waafrika ili kufika kwa wajenzi wenyewe. Uharibifu ule haurekebishiki.

Na bado ukweli ulitoka mapema. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichunguza na kusema ni kazi ya Waafrika wa zama za kati. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba kwa uangalifu na kufikia jibu hilo hilo. Serikali ya walowezi ya Rhodesia haikupenda kulisikia, na mwanaakiolojia Peter Garlake, aliyekuwa na kazi ya kulinda magofu hayo, aliondoka nchini 1970 kwa kukataa kunyamaza. Miaka kumi baadaye nchi ilipata uhuru na kuchukua jina la magofu yenyewe.

Ninapowasimulia wanafunzi wangu habari hii huwa sauti yangu inabadilika. Kuna watu walisimama mbele ya ukuta ule, wakauona kwa macho yao, wakachagua kutoamini kwamba mikono kama ya babu yangu inaweza kuujenga.

Sisi wa Katanga inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa biashara. Great Zimbabwe ilitajirika kwa ng'ombe na kwa dhahabu iliyoshuka mpaka pwani, Sofala, na kutoka huko kwenda Kilwa, mji wa Waswahili. Katika magofu imepatikana sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa karne ya 14, pamoja na vyombo vya China na Uajemi na shanga za kioo. Kwa hiyo lugha ninayokuandikia sasa ilikuwa na ndugu zake kwenye mwisho ule wa njia.

Upande wetu pia upo. Kati ya vitu vilivyofukuliwa bondeni kuna kengele za chuma zisizo na ulimi, zile za kupigwa kwa kijiti, za aina iliyokuwa alama ya utawala katika nchi nyingi za Kongo na Zambia. Na njiani, upande wa Zambia karibu na Zambezi, kuna Ingombe Ilede, ambako makaburi ya matajiri wa kale yalikuwa na dhahabu, shanga, na vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba. Mtoto wa Katanga hahitaji kuelezwa msalaba wa shaba ni nini: ndiyo pesa ya mababu zetu.

Tunafikaje kutoka Lubumbashi?

Kwa barabara: Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Kabwe, Lusaka, kisha Chirundu, ambako mnavuka Zambezi. Kutoka hapo Harare, halafu kusini karibu kilomita 290 mpaka Masvingo. Msiifanye kwa pupa. Lala Lusaka, lala Harare. Wenye motokari zao wakumbuke kwamba mara baada ya Kasumbalesa gari linakwenda kushoto, na hatari kubwa ni asubuhi ya pili, pale mtu anapotoka hotelini akiwa amesahau.

Chukueni pasiporti, na karte ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, maana kwa kuwa mnatoka Kongo mtaulizwa karte hiyo mpakani. Mambo ya viza ulizeni kwenye ubalozi kabla ya kuondoka.

Pesa: Zimbabwe inatumia dola pamoja na pesa yake. Jambo la kuwaandaa ni noti ndogo. Noti ya dola moja, ambayo hapa kwetu muuzaji anaikataa, kule inatafutwa, na chenji ya noti kubwa ni shida. Mgeni hulipa kiingilio zaidi ya mwenyeji.

Tulale wapi?

Masvingo mjini, au karibu na magofu kwenyewe, ambako kuna hoteli na mahali pa kupiga hema. Karibu ni bora, kwa ajili ya ile asubuhi.

Naweza kusali huko juu, au kuchukua kijiwe cha kumbukumbu?

Kijiwe usichukue, hata kidogo kama kucha. Kuhusu sala: wenyeji wa pale wanapahesabu kuwa ni mahali patakatifu, na koo za jirani zina mababu zao huko. Sali moyoni au kwa sauti ya chini. Vijana wa parokia walitaka kuimba, nikawaomba wamwulize mwongozaji kwanza. Akawaambia waimbe chini, nje ya kuta, na wakaimba vizuri.

Tukishuka, kuna kilichobaki?

Makumbusho madogo ya pale pale, na wengi huyapita wakiwa na njaa. Ingieni. Humo wamo ndege waliochongwa kwa jiwe la sabuni, ambao sasa wako kwenye bendera ya nchi. Waliojulikana ni wanane, na wengi wao walisimama juu ya nguzo katika ule ua wa mashariki mliouona kilimani. Waling'olewa na kuchukuliwa mmoja mmoja tangu 1889. Wanne walirudishwa kutoka Afrika ya Kusini 1981, na kipande cha nguzo ya mmoja kilirudi kutoka Ujerumani 2003. Ulizeni kabla ya kupiga picha ndani. Ndege si wakubwa, kama sentimita 40 bila nguzo, na hakuna wawili wanaofanana. Mmoja ana mamba aliyechongwa anayepanda kwenye nguzo yake. Msogeleeni taratibu, mtamwona akipanda.